Breki za Trekta Kuukuu

Mtu anunuapo trekta kuukuu hutazama injini kwanza. Husikiliza mlio wake, huangalia rangi ya moshi, hujaribu kuinua jembe, kisha hupiga magurudumu teke mara mbili tatu. Na akiisha kuridhika hutoa fedha zake. Breki huja kuzikumbuka siku ile ashukapo mteremko na tela lililojaa mahindi, akakanyaga kwa nguvu, na trekta lisisimame.

Mojawapo ya matrekta madogo yaliyodumu sana ni lile liitwalo Massey Ferguson 35. Lilianza kutengenezwa mjini Coventry, Uingereza, katika mwaka 1956, likiitwa Ferguson 35, na kazi hiyo iliendelea mpaka mwaka 1964. Ingawa miaka mingi imepita, bado yako yanayolima katika mashamba ya Kenya, na vipuri vyake hupatikana. Uzito wake ni kama kilo 1,400 hivi. Sasa hebu mwenye trekta apige hesabu: magunia 30 ya mahindi, kila gunia kilo 90, ni kilo 2,700, bila kuhesabu uzito wa tela lenyewe. Mzigo huo ni karibu mara mbili ya uzito wa trekta linalouvuta, na matela mengi ya shambani hayana breki zake yenyewe. Kwenye mteremko mzigo huo hauvutwi tena, bali ndio unaosukuma.

Breki za trekta hili ziko katika magurudumu ya nyuma tu. Kila gurudumu lina ngoma ya chuma yenye upana wa inchi 14, na ndani yake vimo viatu viwili vilivyovikwa bitana ngumu. Dereva akikanyaga, fito za chuma huvuta, viatu hutanuka na kuikamata ngoma. Hakuna mafuta ya breki wala mabomba. Makanyagio ni mawili, yote upande wa kulia, moja kwa kila gurudumu, ili dereva akifika mwisho wa shamba azuie gurudumu moja na kugeuka mahali pembamba. Lakini kuna komeo dogo la kuyaunganisha makanyagio hayo, na barabarani hapana budi lifungwe. Dereva akikanyaga breki ya upande mmoja tu huku anakwenda mbio, trekta hugeuka ghafula na huweza kupinduka. Hatari ni hiyo hiyo ikiwa makanyagio yamefungwa pamoja lakini breki ya upande mmoja imekufa. Na aina hii ni mbaya zaidi, kwa sababu dereva hudhani yu salama.

Mara nyingi ubovu si mkubwa, ni kulegea tu. Trekta lisimamishwe mahali pa sawa, magurudumu ya mbele yawekewe kabari za mbao pande zote mbili, kisha gurudumu moja la nyuma liinuliwe kwa jeki na ekseli itegemezwe juu ya gogo imara. Jeki peke yake haitoshi. Imewahi kuteleza chini ya watu wengi. Nyuma ya breki kuna tundu dogo lenye kifuniko cha mpira, na ndani yake kijigurudumu chenye meno. Kizungushwe kwa bisibisi mpaka gurudumu lisizunguke tena, kisha kirudishwe kidogo kidogo mpaka lizunguke bila kukwaruza. Upande wa pili ufanywe vivyo hivyo.

Kama kukaza hakukufaa, ngoma lazima ifunguliwe. Gurudumu lililotiwa maji ni zito mno, basi kazi hii isifanywe na mtu mmoja. Ngoma imeshikwa na skrubu mbili, ambazo kwa kawaida zimeota kutu. Afadhali zitiwe mafuta jana yake kuliko kuharibiwa vichwa kwa haraka. Ngoma ikikataa kutoka, viatu vilegezwe kwanza kwa kile kijigurudumu cha meno, ndipo igongwe polepole kwa nyundo ya mti.

Vumbi lililomo humo lisipulizwe kwa mdomo wala kwa pampu. Bitana za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo vumbi lake huleta ugonjwa wa mapafu baada ya miaka mingi. Lipanguswe kwa kitambaa kilicholowa maji, na kitambaa hicho kifukiwe.

Sasa zitazamwe bitana. Ikiwa vichwa vya riveti vinakaribia kugusa chuma, muda wake umekwisha, na viatu vya pande zote mbili vibadilishwe kwa pamoja. Ikiwa ni nyeusi na zinateleza, mafuta yameingia. Hapa ndipo wengi hupoteza fedha. Wengine huziosha kwa petroli, wengine huzichoma moto, na kwa siku mbili breki hukamata vizuri. Kisha joto huyatoa mafuta yaliyobaki ndani, na mambo hurudi yalivyokuwa. Wengine hununua viatu vipya na kuvifunga palepale mafuta yanapovuja. Sili ya ekseli ndiyo ya kutengenezwa kwanza, na kazi hiyo yafaa ipelekwe karakana, kwa kuwa beringi hutolewa kwa mashine ya kusukumia. Kabla ya kuilaumu sili, kiasi cha mafuta ya gia kikaguliwe pia. Yakizidi alama, hutafuta njia ya kutokea.

Asiyezoea kazi hii afungue upande mmoja tu kwa wakati mmoja, ili upande wa pili umwonyeshe kila springi inakaa wapi. Chuma kinapogusana na chuma kipakwe grisi kidogo sana, na ngoma ifutwe ikauke.

Kisha komeo lifungwe, trekta liendeshwe polepole bila tela mahali tambarare penye udongo laini, na breki zikanyagwe. Alama za magurudumu mawili ziwe sawa. Likivuta kushoto, breki ya kushoto inakamata zaidi, nayo ilegezwe kidogo. Baada ya mwendo wa maili moja, ngoma zipimwe kwa kuzikaribia kwa mkono: ile yenye moto kuliko mwenzake inakwaruza. Bitana mpya hujilaza katika ngoma siku chache za kwanza, basi makanyagio yatashuka tena, na kijigurudumu cha meno kitahitaji kuzungushwa mara nyingine kabla tela halijafungwa nyuma.