Tovuti ya familia ionekane Google, lakini nenosiri awe nalo nani?

Familia yenye nyumba ya kulala wageni Kayanga, au inayouza kahawa ya kusaga Nkwenda, hujibana ikalipia tovuti, kisha mteja wa Dar es Salaam akitafuta Google haioni. Hapo ndipo hujitokeza kijana mwenye maneno matamu: "Mama, nipe laki tatu, wiki ijayo utakuwa wa kwanza." Mzazi, hiyo ada ya mtoto usiitoe. Google wenyewe wanasema hakuna anayeweza kumhakikishia mtu nafasi ya kwanza. Matangazo ya kulipia yapo, ila huwekewa alama, na fedha ikiisha nayo hutoweka.

Kazi yenyewe huanza na maneno. Tovuti nyingi za biashara ndogo zimejaa "karibuni sana, huduma bora", na jina la mji halimo. Nani anatafuta "huduma bora"? Mteja anaandika "gesti Kayanga" au "kahawa ya Karagwe", basi maneno hayo yawepo kwenye kichwa cha ukurasa na ndani yake.

Huku kwetu kuna la ziada. Kyerwa ilikuwa ndani ya Karagwe hadi ilipokuwa wilaya mwaka 2012, na wengi waliohama zamani bado kote wanakuita Karagwe. Biashara ya Nkwenda itaje wilaya yake, ieleze pia kuwa iko jirani na Karagwe. Omurushaka nayo wengine huandika Omrushaka. Taja yote mara moja mbili inatosha. Kuyarundika mara ishirini Google huhesabu ni ujanja.

Hifadhi za Rumanyika-Karagwe na Ibanda-Kyerwa zilipandishwa kuwa hifadhi za taifa mwaka 2019. Mwenye gesti akieleza kwa ukweli njia ya kufika huko, muda na usafiri uliopo, anampa mgeni sababu ya kufungua ukurasa wake. Picha zipunguzwe uzito, kwa kuwa Google huangalia zaidi tovuti inavyoonekana kwenye simu.

Kuandikisha biashara kwenye Ramani za Google ni bure: jina, simu, saa za kazi, picha. Waombe wateja waliokuja kweli waandike maoni. Shangazi ambaye hajawahi kulala hapo aachwe.

Sasa suala la nyumbani. Mara nyingi kazi hii hupewa kijana aliyemaliza kidato cha nne, naye hufungua kila kitu kwa barua pepe yake na laini yake. Akienda chuo, au akipoteza simu, biashara inabaki na namba ya zamani mtandaoni na hakuna wa kuibadilisha. Fungueni barua pepe ya biashara, baba na mama wote wajue nenosiri, kisha kijana aongezwe kama meneja, Google inaruhusu. Na jina la tovuti, ambalo hulipiwa kila mwaka, lisajiliwe kwa jina la mwenye biashara. Ulizeni leo limesajiliwa kwa jina la nani.