Bustani Isiyojua Udongo

Wengi miongoni mwa wasomaji wetu hawatasadiki upesi kwamba katika mwaka 2018, huko Antaktika penye barafu tupu, watu 10 walikuwa wakila matango yaliyochumwa siku ile ile. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Karibu na kituo cha utafiti cha Kijerumani kiitwacho Neumayer III palisimamishwa makontena mawili yaliyounganishwa, na humo ndani, hata katika majuma yale ambayo jua halichomozi kabisa, mlikuwa na bustani.

Bustani hiyo haikuwa na hata konzi moja ya udongo. Miche ilipangwa juu ya rafu, tabaka juu ya tabaka mithili ya vitabu kabatini, mizizi ikining'inia gizani na kunyunyiziwa maji yenye chumvi za rutuba. Taa za umeme zilifanya kazi ya jua. Mhandisi Paul Zabel, aliyeitunza, alipata katika mavuno ya kwanza kilo 3.6 za saladi, matango 18 na figili 70. Kwa miezi tisa na nusu, eneo la kiasi cha mita za mraba 12.5 lilitoa kilo 268 za mboga.

Yatupasa kueleza kwamba huu si uganga. Mmea hauli udongo. Hunywa naitrojeni, fosforasi, potasiamu na madini mengine yaliyoyeyuka majini, nao udongo ni ghala na egemeo. Wataalamu wa Kijerumani, Sachs na Knop, walilidhihirisha jambo hilo yapata mwaka 1860. Baadaye William Gericke wa Chuo Kikuu cha California alikuza minyanya majini hata ikabidi kupanda ngazi ili kuichuma, na mwaka 1937 akautangaza ufundi huo kwa jina la haidroponiki, litokalo katika maneno ya Kiyunani yenye maana ya maji na kazi. Hoagland na Arnon, wa chuo hicho hicho, waliupima mwaka 1938 wakaona kwamba mavuno yake hayakuushinda udongo mzuri.

Hapo ndipo penye kiini cha shauri hili. Jua halidai malipo, taa hudai. Penye barafu hakuna la kuchagua, lakini penye soko la mboga za shambani hesabu hugeuka. Huko Marekani, AeroFarms iliomba hifadhi ya mahakama dhidi ya wadai wake mwaka 2023, na Bowery Farming, iliyokuza saladi katika majengo yenye taa, ikafunga kazi mwaka 2024. Mahindi na ngano ndiyo kabisa: nafaka huhitaji mwanga mwingi mno kwa bei yake ndogo. Tena pampu ikizimika, mizizi isiyo na udongo hunyauka kwa saa chache, nasi tuliozoea kuwasha mishumaa twajua maana yake.

Hata hivyo, kwa mpangaji asiye na kiwanja iko njia nyepesi, iliyofafanuliwa na mtaalamu Kratky wa Chuo Kikuu cha Hawaii. Ndoo yenye mfuniko hujazwa maji yaliyotiwa mbolea maalumu, na mche huwekwa katika tundu la mfuniko, ncha za mizizi zikigusa maji. Kadiri mche unywavyo, maji hupungua, na mizizi ya juu hubaki ikipumua katika nafasi iliyoachwa. Pampu haihitajiki. Ndoo kama hizo zaweza kupangwa juu ya vibao kando ya dirisha lipatalo jua, na saladi ikavunwa baada ya majuma matano au sita.