Spea za Mtumba: Bei ya Kweli Ndiyo Kinga

Injini ya mtumba inayotoka Japani au Dubai kuja Dar es Salaam haina bei iliyobandikwa. Mbili za aina moja huweza kupishana mbali sana kwa bei, maana moja bado nzima na nyingine silinda hedi imepasuka. Hapo ndipo mwagizaji hushawishika kuandika bei ndogo kwenye ankara, akiamini hakuna wa kumpinga. Mambo ni kinyume chake: pasipo bei ya kulinganishia, karatasi zake ndizo ushahidi wake, na akizichezea anabaki mikono mitupu.

Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 hufuata kanuni za Shirika la Biashara Duniani: kipimo cha kwanza cha thamani ni bei iliyolipwa hasa, ikijumlishwa na bima na usafirishaji. Injini ikinunuliwa dola 400, usafirishaji 90 na bima 10, ushuru huhesabiwa kwenye 500; kisha Kodi ya Ongezeko la Thamani hutozwa juu ya jumla hiyo pamoja na ushuru wenyewe. Afisa akiitilia shaka ankara hudai uthibitisho. Asiporidhika, huhamia njia nyingine, kuanzia bei za bidhaa za aina ileile zilizokwisha kuingizwa. Injini chakavu yaweza kupimwa kwa bei ya ile nzima, na gharama za kuhifadhi mzigo bandarini zinaendelea kupanda.

Wapo wanaouliza: kama afisa hupandisha bei hata kwa msema kweli, uaminifu una faida gani? Swali ni la haki, lakini kanuni hizo hukataza kukadiria thamani kiholela, na sheria humpa mwagizaji siku 30 za kuomba Kamishna apitie uamuzi. Ombi hilo hubebwa na ushahidi: ankara inayotaja namba na hali ya injini, picha, risiti ya benki. Aliyeandika dola 100 hawezi kujitetea kwa risiti ya 400. Wengine hudai spea ni zawadi ya ndugu, hivyo haina thamani. Kumbe zawadi, kwa kukosa bei ya mauzo, ndiyo humlazimu afisa kukadiria mwenyewe. Anayetaka ushuru wa haki kwa kitu chakavu athibitishe uchakavu wake, asifiche bei yake.