Kufufua Injini ya Landrova Kongwe: Mwongozo kwa Mstaafu wa Kilwa na Visiwa Vyake

Mtumishi wa umma nchini mwetu hustaafu kwa lazima atimizapo miaka 60, na aweza kustaafu kwa hiari tangu miaka 55. Wengi wanaorejea nyumbani, iwe Kilwa Masoko, Kilwa Kivinje, Pande au ng'ambo katika kisiwa cha Songo Mnara, huwa bado wana nguvu na mikono yao haijazoea kukaa bure. Wapo miongoni mwao, hasa waliopata kuwa madereva na mafundi, wanaotamani kulifufua gari walilolijua ujanani, nalo aghalabu ni Landrova. Burudani hiyo ni njema: huchangamsha akili, huleta marafiki barazani na humpa mtu jambo la kuamkia. Hata hivyo, isiposimamiwa yaweza kumeza kiinua mgongo chote na kuacha nyuma rundo la vyuma. Katika makala haya tunaeleza kazi yenyewe ilivyo na mahali ambapo fedha za mlaji hupotea.

Injini tunayoizungumzia

Landrova ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwaka 1948. Toleo la pili lilitoka mwaka 1958, na la tatu likaundwa kuanzia 1971 hadi 1985. Injini ya petroli iliyoenea zaidi katika matoleo hayo mawili ina silinda nne zenye ujazo wa sentimita za ujazo 2,286, na kipenyo cha kila silinda ikiwa mpya ni milimita 90.47. Ni injini sahili, isiyo na kompyuta, na mtu mwenye subira aweza kuielewa yote. Mapenzi kwa magari haya hayajafa: mwezi Oktoba 2024 wenye Landrova walikusanyika Arusha kwa tamasha lao.

Vipuri vyake vingali vikitengenezwa na viwanda vingi duniani. Jambo hilo ni neema kwa mnunuzi, lakini pia ndilo linalofungua mlango kwa bidhaa bandia.

Kabla ya kutoa fedha

Kwanza, linganisha namba ya chasisi na namba ya injini zilizomo katika kadi ya gari na zile zilizogongwa kwenye chuma chenyewe. Magari ya umri huu mara nyingi yamebadilishwa injini zaidi ya mara moja. Namba zisipolingana, muuzaji ndiye anayepaswa kurekebisha jambo hilo Mamlaka ya Mapato kabla ya mauzo. Ukikubali kulirekebisha baadaye, umenunua gari pamoja na matatizo ya mwenzako.

Pili, ikiwa injini bado inawaka, pima mgandamizo wa kila silinda na shinikizo la oili injini ikiwa ya moto. Silinda moja ikiwa dhaifu sana kuliko wenzake, au shinikizo la oili likianguka injini inapopata joto, hiyo ni dalili ya gharama kubwa. Dalili hizo zikuongoze katika kupatana bei, au katika kuondoka.

Tatu, andika kiasi ambacho familia yako haitaumia kikipotea, na usikivuke. Katika kiasi hicho, tenga robo kwa mambo yasiyotarajiwa, kwa kuwa bloku yenye ufa haionekani mpaka ifunguliwe na kusafishwa.

Kufungua na kupima

Bolti za Landrova hizi ni za vipimo vya inchi. Spana ya milimita inayokaribiana nazo huila bolti kichwa, na bolti iliyoliwa kichwa huzaa kazi ya siku mbili. Azima au nunua spana za inchi kabla ya kugusa chochote, na utafute kitabu cha ufundi cha toleo lako.

Piga picha kila hatua, tia kila kipande katika mfuko wenye jina, na usichanganye pistoni za silinda tofauti. Gasketi kuukuu huenda zina asbesto: zilowanishe maji kabla ya kuzibandua, usizisugue zikiwa kavu, wala usipulize vumbi lake.

Hatua inayofuata ndiyo inayookoa fedha kuliko zote, nayo ni kupima. Kila silinda ipimwe juu, katikati na chini, na krenki ipimwe kila shingo. Mpaka vipimo viandikwe, hakuna ajuaye kama injini inahitaji ringi tu au inahitaji kutanuliwa. Fundi anayesema "nunua pistoni mpya" kabla ya kupima anabahatisha, na gharama ya bahati hiyo ni yako.

Kazi ya karakana

Silinda zilizolika hutanuliwa kwa mashine, kisha huwekwa pistoni kubwa zaidi. Pistoni hizo huuzwa kwa ngazi, yaani kubwa kwa takribani robo milimita, nusu milimita, robo tatu na milimita moja. Utaratibu sahihi ni huu: pima, nunua pistoni za ngazi inayofaa, kisha mpelekee mkerezaji bloku pamoja na pistoni hizo ili atanue kulingana nazo. Ukitanguliza kutanua, waweza kukosa madukani pistoni za ngazi hiyo, na chuma kilichokwisha kuondolewa hakirudi. Kanuni ni hiyo hiyo kwa krenki na beringi zake, ambazo mafundi huziita metali.

Muulize pia mkerezaji kuhusu viti vya valvu za kutolea moshi. Injini hizi ziliundwa wakati petroli ilipokuwa na risasi, ambayo ilisaidia kukinga viti hivyo visilike. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliafikiana mjini Dakar mwaka 2001 kuiondoa risasi hiyo, na kufikia mwanzo wa 2006 ilikuwa imeondolewa. Ikiwa viti vilivyopo si vya chuma kigumu, ni nafuu kuvibadilisha wakati silinda hedi iko mezani kuliko kuifungua tena mwakani.

Mapatano na karakana yawe ya maandishi. Yataje kazi, bei, siku ya kukamilisha, na nani atakayelipa kazi ikirudiwa. Lipa kwa hatua, na fungu la mwisho litoke baada ya wewe kupima au kupimiwa na fundi mwingine. Dai vipuri vyako vya zamani virudishwe: ndivyo ushahidi kwamba vipya vimewekwa kweli. Ofisi za SIDO na chuo cha VETA mjini Lindi ni mahali pazuri pa kuulizia mafundi wenye ujuzi.

Bahari iliyo kati yako na duka

Kwa mkazi wa Songo Mnara, kila kosa la ununuzi lina nauli yake: mashua hadi Kilwa Masoko, kisha barabara hadi Lindi au Dar es Salaam. Kwa hiyo kagua kipuri dukani, si nyumbani. Nenda na vipimo vyako vilivyoandikwa na, iwezekanapo, kipuri cha zamani cha kulinganishia. Tazama namba ya kipuri, chapa, hali ya boksi na umaliziaji wa chuma. Maandishi yaliyokosewa, au bei iliyo chini mno kuliko ya maduka mengine yote, ni onyo.

Injini nzima ina uzito wa takribani kilo 200, nayo haina haja ya kuvushwa. Iache bloku Kilwa Masoko lilipo gari, chini ya paa, ikiwa imepakwa oili na kufunikwa. Kazi ndogo ndogo, kama kusafisha kabureta, kusaga valvu na kurekebisha distributa, ndizo za kupeleka nyumbani kisiwani. Hewa ya chumvi hushika chuma kitupu kutu upesi, kwa hiyo kila kipande kilichosafishwa kipakwe oili siku hiyo hiyo. Oili chafu ikusanywe dumuni na kurudishwa karakana. Usiimwage ufukweni wala mikokoni, kwani huko ndiko samaki na kaa wanakozaliana.

Haki zako

Muuzaji aliyesajiliwa kutumia mashine ya kielektroniki ana wajibu wa kukupa risiti, nawe una wajibu wa kuidai. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Bila risiti, malalamiko yako hubaki kuwa maneno.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji, na Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 inashughulikia bidhaa bandia. Ukiuziwa kipuri kisicho sahihi, usikifunge garini. Rudi kwa muuzaji na risiti, eleza unachodai, yaani kubadilishiwa au kurudishiwa fedha, na uweke nakala ya barua yako. Asipokusikiliza, peleka malalamiko Tume ya Ushindani. Ikiwa shaka yako ni ubora wa bidhaa, Shirika la Viwango ndilo la kuliendea. Ikiwa ni ujazo wa oili au petroli uliyopimiwa, Wakala wa Vipimo.

Siku injini itakapofungwa tena, kaza bolti za silinda hedi kwa awamu, ukianzia katikati kwenda pembeni. Weka nafasi ya valvu robo milimita, na hakikisha waya za plagi zimefuata mpangilio wa 1-3-4-2. Usiikimbize katika safari za mwanzo, kisha badilisha oili mapema. Barabara ya Nangurukuru itakuwapo bado. Kazi hii haina mwajiri wala tarehe ya mwisho, na mstaafu anayesubiri mwezi mmoja zaidi ili apate kipuri sahihi hajachelewa popote.