MATUNZO YA NYUA NA BARAZA ZA MAWE
Maelezo ya namna ya kusafisha na kutomea upya kwa chokaa, kwa watumishi wa Serikali na wakaazi wa Mji Mkongwe

Watumishi wa Serikali wanaofanya kazi katika majengo ya mawe, wapangaji wa nyumba za Serikali na za Wakfu, pamoja na wamiliki binafsi, wanaombwa kuyasoma maelezo haya na kuyazingatia kabla ya kuingia msimu wa mvua. Maelezo yanahusu jambo linaloonekana dogo, nalo ni hali ya viungo baina ya mawe yaliyotandazwa uani na barazani. Udogo huo ni wa macho tu, kwani kiungo kilichofunguka ndicho mlango wa maji, na maji ndiyo adui mkubwa wa nyumba ya mawe.

Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000. Heshima hiyo imetokana na majengo yenyewe, na majengo hayo yanakaliwa na watu. Tarehe 25 Disemba, 2020, sehemu ya jengo la Beit al-Ajaib, lililojengwa mwaka 1883, iliporomoka na watu wakapoteza maisha. Ukurasa huu hauingii katika sababu za tukio lile. Inatosha kukumbusha kwamba nyumba ya mawe ya Mji huu haidumu kwa unene wa kuta zake peke yake, bali kwa matunzo ya mara kwa mara.

KWA NINI UA

Nyumba nyingi za Mji Mkongwe zimejengwa kuuzunguka ua wa ndani. Ua huo huleta hewa na mwanga, lakini pia hupokea maji yanayoteremka kutoka mapaani. Ikiwa mawe ya sakafu yamekaa vizuri na viungo vyake vimejaa, maji hayo huelekea kwenye mfereji na kutoka nje. Ikiwa viungo vimeliwa, maji huzama chini ya mawe, hulainisha udongo, kisha hupanda ndani ya kuta kwa kunyonywa na mawe yenyewe, kama utambi unavyonyonya mafuta.

Dalili za ukuta ulionyonya maji zinajulikana na kila mkaazi. Chokaa ya ukutani hubabuka, unga mweupe wa chumvi hujitokeza kimo cha goti au kiuno, na chumba hunuka uvundo. Aghalabu mwenye nyumba hupaka rangi upya, na baada ya masika moja rangi hiyo nayo hubabuka. Fedha zimetumika ukutani, na ubovu ungali uani.

CHOKAA NA SARUJI

Mawe yaliyojengea Mji huu ni ya matumbawe. Mawe hayo yana matundu madogo madogo, na huingiza na kutoa unyevu. Wajenzi wa zamani waliyaunganisha kwa chokaa, ambayo asili yake ni mawe hayo hayo. Jiwe la matumbawe likichomwa katika tanuri hadi kufikia kiasi cha nyuzi joto 900 za Selsiasi, hutoa hewa ya ukaa na kubaki chokaa isiyozimwa. Chokaa hiyo ikitiwa majini huchemka na kuwa chokaa iliyozimwa. Ikishapakwa, huivuta tena hewa ya ukaa pole pole na kurejea kuwa kama jiwe. Kwa sababu hiyo, chokaa na jiwe la matumbawe hupanuka, husinyaa na hupumua kwa namna inayokaribiana.

Saruji ya Portland, ambayo hataza yake ilitolewa Uingereza mwaka 1824 kwa Joseph Aspdin, ni kitu kizuri mahali pake. Lakini katika viungo vya mawe ya matumbawe huleta madhara mawili. Kwanza, ni ngumu kuliko jiwe, hivyo mawe yanapocheza kidogo, jiwe ndilo linalopasuka na saruji hubaki nzima. Pili, haipitishi unyevu kwa urahisi. Maji yaliyomo chini hulazimika kutokea ndani ya jiwe, yakaacha chumvi humo, na chumvi hiyo inapoganda hulimega jiwe kidogo kidogo. Atakayetazama kwa makini nyua zilizozibwa kwa saruji ataona vipande vya saruji vimesimama kama matuta, na mawe baina yake yamebonyea. Kanuni ya kushika ni hii: mchanganyiko wa kutomea uwe dhaifu kuliko jiwe, ili kinachochakaa kiwe kile kinachoweza kubadilishwa.

KUSAFISHA

Kazi ianze kwa kusafisha, na wakati bora ni wa ukavu. Mambo yafuatayo yazingatiwe:

1. Chumvi nyeupe iliyojitokeza juu ya mawe ifagiliwe ingali kavu, ikusanywe na kutupwa nje. Ikimwagiwa maji huyeyuka na kurudi ndani ya jiwe.

2. Kuvumwani na ukungu wa kijani viondolewe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kwa kutumia brashi ya nyuzi ngumu au ufagio wa chelewa. Maji yatumike kwa kiasi, na yakaushwe kila baada ya sehemu kumalizika.

3. Brashi ya waya wa chuma isitumike. Hukwaruza jiwe, na vipande vya waya vinavyobaki hushika kutu na kuacha madoa.

4. Asidi ya aina yoyote ni marufuku kwa mawe ya matumbawe, ikiwa ni pamoja na ile inayotumika kusafishia vyoo. Asidi huliyeyusha jiwe lenyewe, na huo weupe unaoonekana ni jeraha. Vilevile, dawa ya kung'arishia nguo na sabuni ya unga huacha chumvi ndani ya mawe.

5. Mashine ya kurushia maji kwa nguvu isielekezwe kwenye viungo, kwa kuwa huchimba hata chokaa iliyo nzima.

6. Vichipukizi vya miti, hasa vya jamii ya mtini, visivutwe kwa nguvu kwani mizizi huondoka na mawe. Vikatwe, kisha mizizi ichimbuliwe wakati viungo vinapofunguliwa.

Baada ya kusafisha, mwelekeo wa maji ukaguliwe. Imwagwe ndoo moja ya maji katika pembe ya mbali na mfereji, kisha itazamwe maji yanakwenda wapi. Sakafu ya mawe inahitaji mteremko wa kiasi cha sentimita 5 kwa kila mita 4. Jiwe lililozama linyanyuliwe na kupangwa upya kabla ya kutomea, kwani kuziba viungo juu ya sakafu isiyo na mteremko ni kutengeneza bwawa.

KUFUNGUA VIUNGO

Kiungo kilicho kigumu na kilichoshikamana kiachwe kama kilivyo. Kinachofunguliwa ni kile kinachotoka kwa ncha ya kisu, kilichopasuka au kilichojaa udongo na majani. Fundi atumie tindo nyembamba na nyundo ndogo. Msumeno wa umeme wa kukatia mawe usitumike, kwa sababu hauchagui baina ya kiungo na jiwe.

Kina kisipungue mara 2 ya upana wa kiungo, wala kisiwe chini ya milimita 20. Chokaa iliyopakwa juu juu hubanduka kama ganda. Saruji ya zamani iondolewe pale tu inapotoka bila ya kuvunja kingo za mawe. Iliyoshika sana iachwe hadi itakapolegea yenyewe.

MCHANGANYIKO

Kipimo cha kawaida ni chokaa iliyozimwa sehemu 1 kwa mchanga sehemu 3. Mahali panapokaa na maji kwa muda mrefu, kama vile kandokando ya mfereji, unaweza kuongezwa unga laini wa matofali ya kuchoma, ambao huisaidia chokaa kushika hata penye unyevu. Kipimo chake ni chokaa sehemu 2, mchanga sehemu 5 na unga wa tofali sehemu 1.

Mchanga wa pwani usitumike. Una chumvi, na chumvi hiyo ndiyo hasa inayokimbiwa. Aidha, kuuchota kunazidisha mmomonyoko wa fukwe zetu. Utumike mchanga wenye chenga uliopatikana kwa njia zinazoruhusiwa, uchungwe na uoshwe kwa maji matamu. Ili kuupima, utiwe kiasi katika chupa ya maji, utikiswe na kuachwa utulie. Ukionekana utando mnene wa tope juu ya mchanga, uoshwe tena.

Chokaa iliyozimwa na kuhifadhiwa majini kwa wiki kadhaa au zaidi ndiyo bora. Chokaa ya unga ya mifuko ilowekwe angalau siku moja kabla ya kutumika. Mchanganyiko ukandwe kwa muda mrefu na kwa maji machache mno. Uliokwiva hushikamana na mwiko hata mwiko ukigeuzwa chini juu.

TAHADHARI: Chokaa huunguza. Anayezima chokaa atie chokaa ndani ya maji. Asimwage maji juu ya rundo la chokaa, kwani huripuka na kuruka. Macho yakingwe kwa miwani na mikono kwa glavu. Pipa la chokaa lifunikwe na liwekwe mbali na watoto. Chokaa ikiingia jichoni, jicho lioshwe papo hapo kwa maji mengi safi kwa muda usiopungua dakika 20, na mgonjwa apelekwe hospitali bila ya kuchelewa.

KUTOMEA

Viungo vilivyofunguliwa vifagiliwe na kurowanishwa hadi jiwe liache kunyonya, lakini yasibaki maji yaliyotuama. Mchanganyiko usukumwe ndani kwa mwiko mwembamba na kushindiliwa ili usiache nafasi tupu. Kiungo chenye kina cha zaidi ya milimita 40 kijazwe kwa awamu, na kile kipana kitiliwe vijiwe vidogo vya matumbawe katikati. Uso wa kiungo uishie chini kidogo ya kingo za mawe, wala chokaa isitandazwe juu ya mawe. Inapoanza kukaza, ipigwepigwe kwa ncha za brashi ngumu; nyufa zitakazojitokeza zibanwe palepale.

Kazi haimaliziki hapo. Chokaa inayokauka kwa jua hugeuka vumbi. Sehemu iliyotomewa ifunikwe kwa magunia mabichi na kunyunyiziwa maji kidogo asubuhi na jioni kwa muda wa wiki moja, na vitu vizito visipitishwe kwa wiki mbili. Chokaa hukaza kutoka juu kwenda ndani kwa miezi mingi, na mvua kubwa ikiipata katika siku za mwanzo huichukua. Hivyo basi miezi ya Juni hadi Septemba, baada ya masika na kabla ya vuli, ndiyo inayofaa zaidi.

GHARAMA

Baadhi ya wakaazi hudhani kwamba kazi ya chokaa ni ya matajiri. Tuchukue ua wa mita 4 kwa 3, wenye mawe ya sentimita 40 kwa 40, na viungo vya upana wa milimita 10 na kina cha milimita 30. Urefu wa viungo vyote ni kiasi cha mita 60, na ujazo wake ni lita 18. Tukiongeza robo kwa ajili ya upotevu, zinahitajika lita 22 na nusu za mchanganyiko. Kwa kuwa chokaa huingia katika nafasi zilizo baina ya chenga, mahitaji ni ndoo moja ya lita 20 ya mchanga na ziada kidogo, na chokaa kiasi cha lita 7 na nusu. Mawe yasiyo na umbo maalumu yatahitaji zaidi. Gharama kubwa ni ujira wa fundi, na fundi mwenye subira ndiye anayestahili kulipwa.

WAJIBU WA KILA MMOJA

Ua wa pamoja ni wa wote wanaouzunguka. Maji yanayozama mlangoni kwa jirani hupanda katika ukuta wa kila mmoja, hivyo kaya zote zikutane na kugawana kazi. Mpangaji wa nyumba ya Serikali au ya Wakfu atoe taarifa ya uharibifu kwa maandishi kwa mwenye nyumba, na abaki na nakala. Kabla ya matengenezo kuanza katika eneo la hifadhi, Mamlaka inayosimamia Mji Mkongwe iulizwe kuhusu kibali.

Watumishi wanaosimamia matengenezo ya majengo ya umma wahakikishe kwamba mkataba unataja waziwazi chokaa, vipimo vyake, kina cha viungo na siku za kurowanisha. Mjenzi atakiwe kutengeneza kwanza mfano wa mita 1 ya mraba, ukaguliwe baada ya kukaza, na ndipo aruhusiwe kuendelea. Mkataba unaosema tu "kuziba viungo" humwachia mjenzi atie saruji, na lawama hazitamfika yeye.

Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Wananchi wanakumbushwa kuzikagua nyua na baraza zao mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli, na kurekebisha kidogo kidogo kile kilicholegea.