Siku za Shughuli, Nani Anakumbuka Dawa za Babu?



Ndugu wasomaji, sifa zote njema ni za Allah (S.W), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W). Katika safu yetu leo tutazungumzia wazee wetu waliostaafu, yaani namna siku zao zinavyopita nyumbani, na hatari inayowakuta hasa zile siku ambazo nyumba imejaa furaha. Mada hii nimeichelewesha kwa muda mrefu kwa sababu ndani yake limo kosa langu mwenyewe.

Baba yangu alikuwa karani bandarini hapa Tanga. Alistaafu mwaka 2014 akiwa na miaka 60, umri ambao mtumishi hulazimika kustaafu. Mwaka uliofuata aligundulika kuwa na presha, akaanzishiwa kidonge kimoja kila asubuhi. Alikuwa akikimeza baada ya kurudi msikitini Alfajiri, kwa chai, bila kukumbushwa na mtu.

Mwaka 2017 tulimuoza mdogo wangu wa kike. Wageni walikuja kutoka Pemba na Lushoto, nyumba ikajaa. Baba akawapa wageni chumba chake, yeye akalala kwenye mkeka sebuleni. Mfuko wake wa dawa ukapandishwa juu ya kabati, na juu yake yakawekwa mabegi ya watu. Alfajiri akaona haya kuwagongea wageni mlango kwa ajili ya kidonge kimoja. Siku nne zikapita. Katika siku hizo usiku alilala saa tatu au nne tu, na mchana alikula pilau, biriani na ng'onda kama watu wengine wote.

Siku ya nikah alikaa mbele ya bwana harusi, akamshika mkono, akamuozesha binti yake kwa ulimi wake mwenyewe, maneno yakisikika msikiti mzima. Asubuhi yake, alipotaka kutia udhu, mkono wa kulia ulishindwa kunyanyua birika na mdomo ukaenda upande. Baadhi ya wazee waliokuwepo wakasema amepigwa upepo, asomewe kwanza. Mimi nilikuwa nimelala kwa uchovu wa shughuli. Nilipoamshwa ilikuwa saa 3 asubuhi, na presha yake ilisoma 210 kwa 120. Kilikuwa kiharusi.

Alhamdulillahi, baba yu hai. Lakini ulimi wake ni mzito mpaka leo, na maneno yale ya nikah ndiyo ya mwisho kutoka katika ile sauti yake tuliyoizoea. Mimi ni tabibu. Wiki ile nilipima presha za watu wengi kituoni, na nyumbani sikumuuliza mzazi wangu swali moja: "Baba, umemeza dawa?"

Presha iliyoshuka haijapona

Kosa langu lilianza kabla ya harusi. Miezi miwili nyuma nilimpima nikamwambia, "Alhamdulillahi baba, presha yako imekaa vizuri." Sikumalizia kwamba imekaa vizuri kwa sababu ya dawa. Wagonjwa wengi huelewa kauli hiyo kuwa wamepona, kwa hiyo kuacha dawa siku chache hakuwatishi.

Ndugu msomaji, presha inahesabiwa kuwa ya juu inapofika 140 kwa 90 au zaidi katika vipimo vya siku tofauti. Wengi hawasikii chochote. Hawaumwi kichwa wala hawasikii kizunguzungu, na mishipa ya ubongo, moyo na figo inaendelea kuharibika kimya kimya. Kidonge cha presha hakiondoi maradhi, bali huyashikilia chini kwa muda wa siku moja au zaidi kidogo. Kikiachwa, presha hurudi ilikokuwa. Na aliyesahau kidonge cha jana asimeze viwili leo, ameze cha leo tu na aendelee.

Siku ya mstaafu

Tuangalie kwanza siku za kawaida. Mtu aliyeamka saa 11 alfajiri kwa zaidi ya miaka 30, akavaa, akatoka, akasalimiwa na kuulizwa mambo ya kazi, siku moja anaambiwa apumzike. Wiki ya kwanza anafurahi. Baada ya mwezi anakaa barazani tangu asubuhi, anasinzia mchana, usiku anakosa usingizi, uzito unapanda na hasira zinakuwa karibu. Watoto wanadhani uzee umeingia, kumbe aliyepotea ni ratiba.

Sisi Waislamu tumepewa ratiba tayari, swala tano. Mzee anayekwenda msikitini kwa miguu na kurudi amepata mazoezi, amekutana na watu, na ameigawa siku yake vizuri. Wataalamu wa afya wanashauri angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki hata kwa wenye miaka zaidi ya 65. Hizo ni kama dakika 30 kwa siku tano. Mwendo wa wastani ni ule ambao mtu anaweza kuzungumza lakini hawezi kuimba kaswida. Kwa hiyo msikiti ukiwa mbali kidogo ni heri kwake, maadamu njia ni salama na miguu inaruhusu.

Dawa nazo zifungwe kwenye swala: "kidonge hiki baada ya Alfajiri, hiki baada ya Isha." Mzee anaweza kusahau saa, lakini swala hasahau. Kisha apewe kazi yenye maana: kumwagilia mchicha, kwenda sokoni kuchagua samaki, kuwasomesha wajukuu juzuu amma. Aulizwe shauri katika mambo ya nyumba. Mzee anayeona bado anahitajika hula vizuri, huoga, hukata kucha na hukumbuka kliniki.

Ama kuhusu mama zetu, wao hawastaafu. Siku baba anapopumzika, mama anaongezewa wajukuu watatu wa kuwalea na bado yuko jikoni kwenye moshi. Magoti yanamuuma, anatuma mtoto duka la dawa alete diklofenaki, na anameza kila siku kwa miezi. Dawa za maumivu za aina hiyo hupandisha presha na kuumiza figo na tumbo, hasa kwa mtu mzima. Mama apimwe magoti hayo, apunguziwe mzigo, na wajukuu wawe furaha yake badala ya kuwa ajira isiyo na likizo.

Udhu, choo na kuanguka

Hatari kubwa nyingine ya kila siku ni kuanguka. Mzee huamka usiku mara mbili au tatu kukojoa, na wanaume wengi wa umri huo wana tezi dume iliyokua. Taa imezimwa, sakafu ya choo ina maji, kandambili zimelika soli. Akianguka, mfupa wa nyonga unaweza kuvunjika, na wengi wa wanaovunjika nyonga hawarudi tena kutembea kama mwanzo.

Basi anapoamka akae kwanza ukingoni mwa kitanda dakika moja au mbili, ndipo asimame, kwani baadhi ya dawa za presha hufanya damu ichelewe kufika kichwani mtu anaponyanyuka ghafla. Taa ndogo ibaki inawaka njia ya chooni. Sakafu ikaushwe kila baada ya kuoga. Bomba au ubao imara wa kushika upigiliwe ukutani karibu na choo. Wakati wa kutia udhu awekewe kigoda akae, asisimame kwa mguu mmoja kuosha mwingine. Na asiyeweza kusimama katika swala, dini imemruhusu kuswali amekaa. Hakuna haja ya kujilazimisha mpaka aanguke.

Kwa mwenye kisukari, udhu ni nafasi ya kujikagua. Anaposugua katikati ya vidole vya miguu atazame kama kuna mchubuko, lengelenge au wekundu, kisha akaushe vizuri kwa kitambaa, maana unyevu huleta fangasi na kidonda. Kisukari huua hisia za miguu, na mtu anaweza kukanyaga msumari asijue. Maji ya moto ayapime mtu mwingine, au ayapime mwenyewe kwa kiwiko.

Siku ambazo ratiba huvunjika

Sasa turudi kwenye shughuli. Mstaafu ndiye nguzo ya kila jambo la ukoo. Yeye ni walii wa binti, ndiye anayempa jina mjukuu siku ya akika, ndiye anayekaa mbele mjukuu anapohitimu Qur'an, na msibani ndiye wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Siku hizo ndizo alizozisubiri maisha yake yote, na ndizo siku ambazo usingizi hukatika, chumba hubadilishwa, chumvi na sukari huzidi na dawa hupotea. Yaani kila kinachomlinda huondolewa kwa wakati mmoja.

Tangu mwaka ule, katika familia yetu kila shughuli ikiundiwa kamati tunachagua mtu wa mapishi, mtu wa usafiri, mtu wa wageni, na mtu wa dawa za wazee. Huyu wa mwisho kazi yake ni hii:

1. Siku tatu kabla, ahakikishe dawa za kila mzee zinatosha wiki mbili. Wageni wazee waulizwe wamekuja na zao.

2. Dawa ziwekwe mahali pamoja panapofikika, mbali na watoto, na kila mfuko uandikwe jina. Presha ya fulani haitibiwi kwa kidonge cha fulani.

3. Chumba cha mzee kisitolewe. Wageni walale sebuleni, naye awe na kitanda chake na mlango wake. Hata akisisitiza kukitoa kwa ukarimu, watoto wamkatalie kwa adabu.

4. Sahani yake ipakuliwe kwa mkono unaojua. Wali kiasi, mboga nyingi, nyama isiyo na mafuta. Ng'onda, papa mkavu na achari viwe mbali, kwani chumvi ya siku nzima haipasi kuzidi kijiko kimoja cha chai, na hiyo ni pamoja na iliyomo kwenye chakula. Haluwa na visheti aonje, asishibe.

5. Mwenye kisukari asicheleweshewe chakula kwa kungoja waalikwa. Akianza kutoka jasho, kutetemeka au kuzungumza ovyo, na bado anaweza kumeza, apewe mara moja maji yenye vijiko vitatu au vinne vya sukari, kisha ale. Akiwa hawezi kumeza, asipewe kitu kinywani, akimbizwe hospitali.

6. Kila jioni amuulize: "Shikamoo babu, leo umemeza?" Na akione kidonge kwa macho yake.

Ramadhani nayo ni mwezi wa kubadilika ratiba. Mwenye presha au kisukari amuone daktari katika Shaaban, wapange pamoja kama atafunga na dawa azimeze saa ngapi. Asizipange mwenyewe. Allah (S.W) amempa mgonjwa ruhusa ya kutofunga, na kuitumia ruhusa hiyo si udhaifu wa imani.

Ukiona haya, usingoje

Kiharusi ni mshipa wa damu wa ubongo kuziba au kupasuka. Mwambie mzee atabasamu, utazame kama mdomo umekwenda upande. Mwambie anyanyue mikono yote miwili, utazame kama mmoja unaanguka. Mwambie aseme sentensi fupi, usikilize kama ulimi ni mzito. Moja tu likionekana, hata likipita lenyewe baada ya dakika chache, apelekwe hospitali wakati huo huo. Kumbuka saa dalili zilipoanza, maana daktari ataiuliza. Usimpe chakula, maji wala dawa yoyote, na asprini pia usimpe, kwa kuwa bila kipimo huwezi kujua kama mshipa umeziba au umepasuka. Akiwa hana fahamu, alazwe ubavu.

Ama wanaosema asomewe kwanza, mimi nimekaa madrasa kabla ya kukaa chuo cha utabibu, na sikufundishwa kwamba dua humzuia mtu kwenda hospitali. Mtume wetu (S.A.W) ametuhimiza kutafuta tiba. Basi msomeeni ndani ya gari, njiani.

Mwaka 2019 nilijaaliwa mtoto wa kiume. Siku ya akika, baba alimpakata kwa mkono wa kushoto, akataja jina lake polepole. Alilirudia mara mbili ndipo watu wakalielewa. Dawa zake zilikuwa mezani kando ya kitanda chake, katika chumba chake. Mpwa wangu alikuwa ameshamuuliza.

Tumeamrishwa kuwafanyia wema wazazi, na tusiwatolee hata guno la kuchukizwa. Mara nyingi tunadhani wema huo ni kuwanunulia kanzu mpya ya Idd. Leo kabla hujalala, nenda ukaangalie mfuko wa dawa wa mzazi wako uko wapi, na vidonge vimebaki vingapi.

Allah (S.W) awape wazee wetu afya na mwisho mwema. Wabillahi tawfiq.