Misitu ya Ngara na Biharamulo Baada ya Wageni

Katika mpaka wa magharibi wa Tanzania, pale mto Kagera unapoporomoka Rusumo, wenyeji wa Ngara walilihesabu pori la miombo kuwa mali ya wote. Kuni, dawa na asali vilitoka humo, wala hapana aliyeuliza mwenyewe ni nani. Tarehe 28 Aprili 1994, kwa muda wa saa 24 hivi, watu kiasi cha 250,000 walivuka wakikimbia kutoka Rwanda, na kambi ya Benaco ikawa mji.

Mgeni hanyimwi moto wa kupikia. Walakini hesabu ilikuwa nzito: kambi za mkoa wa Kagera zilifikia kuteketeza zaidi ya tani 1,200 za kuni kila siku. Kilomita za mraba 570 za misitu ziliguswa, na 167 miongoni mwake zikaharibiwa vibaya. Wenye jiko watafahamu upesi sababu moja isiyotajwa sana. Mahindi mazima na maharagwe makavu, chakula cha msaada, hula kuni nyingi kabla ya kuiva. Mahindi yakisagwa, na maharagwe yakirowekwa usiku kucha, kuni hupungua. Basi busara ya jikoni nayo ilikuwa ulinzi wa miti, pamoja na majiko ya udongo na vitalu vya miche.

Wanyarwanda walirudishwa Desemba 1996, na kambi ya Lukole, iliyokuwa ya Warundi, ilifungwa mwaka 2008. Deni likabaki kwa wenyeji.

Wengi hudhani dawa ni kupanda tu. Mti wa miombo ukikatwa, aghalabu haufi. Kisiki huchipua na mizizi hutoa machipukizi, mradi jembe na moto wa kiangazi visiyafikie. Kwa hiyo kazi kubwa ni ulinzi, nao hauwezekani bila mwenyewe kujulikana. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 imekipa kijiji haki ya kutenga msitu wake na kuulinda kwa kamati na sheria ndogo zake. Kwa maoni yangu haki hiyo yashinda malori ya miche.

Nayo ina uzito zaidi tangu mwaka 2019, mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yalipounganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Hifadhini hakukatwi kuni, na chungu cha jioni chategemea msitu wa kijiji.